Taa Iliyowaka Bila Mtu

Kwa miezi kadhaa mama mkubwa aliamini kwamba nimemkasirikia. Aliamini kwamba napanda kijijini jioni, najifungia ndani ya nyumba ya marehemu wazazi wangu, nasikiliza redio, kisha nashuka mjini alfajiri bila kukanyaga uwanja wake. Katika hayo yote hakuna hata moja lililokuwa kweli. Kilichokuwa kikiwasha taa na redio ni kidude cheupe kinachoenea kiganjani, nilichokichomeka ukutani mimi mwenyewe, tena huku nikijipongeza. Dukani wanakiita plagi janja. Unaiweka kwenye soketi, unachomeka taa juu yake, halafu unaiwasha na kuizima kwa simu popote ulipo. Nimejaribu kuilaumu hiyo plagi. Nimeshindwa, maana haikufanya chochote ambacho sikuiagiza.

Mama mkubwa ni mjane wa kaka yake baba. Kihamba chake na chetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa tuliyorithi pamoja na nyumba zilizomo, vinatenganishwa na mfereji wa maji na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani na makaburini. Utotoni, mama yangu alipokuwa akiugua mara kwa mara, mimi nililelewa upande wa pili wa mfereji. Nimekula mtori wa mama mkubwa, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nimechapwa kwa fimbo zake, nimebanana kitanda kimoja na wanawe ambao sasa wametawanyika Dar na Arusha na kwingineko. Wazee wengine wote wa upande wetu wamekwisha kuzikwa. Amebaki yeye peke yake wa kuniita mtoto, na mimi, mtu mzima mwenye mvi zangu, nilikuwa karibu kumpoteza akiwa hai na mwenye afya yake.

Mimi ni kitindamimba. Kwetu sisi mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, na kuachiwa nyumba si kupewa kuta na bati. Ni kuhakikisha jikoni kunafuka moshi, migomba inapunguzwa majani, makaburi yanafagiliwa, na jirani akipiga hodi kuna mtu wa kumwitikia. Mimi nilichukua kuta na bati. Nafanya kazi Moshi mjini, katika ofisi ndogo ya kampuni ya kupandisha watalii. Siku nzima nawapanga watu waliotoka upande mwingine wa dunia wapande mlima hadi kileleni. Mimi mwenyewe kupanda hadi kwetu, ambako ni kwenye kiuno tu cha mlima huohuo na gari linafika, nilikuwa nashindwa. Leo kuna wageni, kesho gari linataka kwenda kwa fundi, keshokutwa mvua imeharibu barabara. Visingizio sikukosa.

Mama alipokuwa hai kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mtu akirudi nyumbani, kabla hajafungua mlango wake, anapitia kwanza kwa mama mkubwa. Anampa shikamoo, anampa mkate au sukari aliyokuja nayo, anakaa kidogo, anasimuliwa nani anaumwa na ng'ombe wa nani amezaa. Ndipo anavuka mfereji kwenda kwake. Kufika na kuingia ndani moja kwa moja kulikuwa na maana moja tu, kwamba una jambo na mtu. Nayajua haya tangu sijaota meno, na bado niliweza kuyasahau kana kwamba niliyasoma mahali fulani.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokolea, wezi walivunja dirisha la jikoni kwetu. Walichukua televisheni, mtungi wa gesi, mablanketi ya mama, na lile sufuria kubwa ambalo majirani wote walikuwa wakiliazima kwenye misiba. Aliyegundua ni mama mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo tangu enzi za mama, akiufunga kwenye pindo la kanga, na alikuwa anaingia kufungua madirisha ili nyumba isinuke ukungu. Alinipigia simu akilia kwa namna ambayo ungedhani ameiba yeye. Na mimi, badala ya kumtuliza, nikamuuliza kwa sauti ile ninayowaulizia madereva waliochelewa kuwapokea wageni:

"Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Akasema alikuwa kanisani, kwenye kipindi cha akina mama. Nikasema haya, nitakuja, nikakata simu. Nilikuwa na hasira na wezi, na hasira ya mwizi ambaye humwoni huwa inamwangukia aliye karibu. Hayo nayasema sasa. Siku ile nilijiona nina haki.

Jumamosi nilipanda na fundi. Akaweka nondo dirishani, akang'oa kitasa cha zamani, akafunga kipya. Mama mkubwa alikuwa amesimama barazani muda wote, ameshika nguzo, anatazama. Fundi alipomaliza alinikabidhi funguo zote, nikazitia mfukoni. Ufunguo wa zamani ulikuwa bado uko kwenye pindo la kanga yake, na vidole vyake vilikuwa vinauchezea. Niliona kabisa. Sikuwa nikimshuku, naapa, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka kuondoka kabla ya mvua, na kumpa ufunguo kungeleta maongezi na chai na kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, na mimi sikuwa na muda wa kiburu. Nikamwambia tutaonana. Akanijibu, "Haya baba," akavuka mfereji akiwa na ufunguo usiofungua mlango wowote.

Plagi nilishauriwa na mfanyakazi mwenzangu. Alisema wezi hawaingii penye taa, na kwamba nyumba nyingi za huku milimani zinaibiwa kwa sababu kila mtu anajua zinakaa tupu mpaka Krismasi. Hilo ni kweli. Ukisimama barabarani kwetu unaziona, nyumba za vigae na mageti ya chuma katikati ya migomba, wenyewe wako mijini, na popo wanafaidi. Nikanunua plagi mjini, pamoja na rauta ndogo ya kuweka laini ya simu, kwa sababu plagi haifanyi kazi bila intaneti.

Kuifunga kulinitoa jasho. Siku hiyo ilikuwa katikati ya wiki na mama mkubwa alikuwa ameshuka zahanati, kwa hiyo sikumkuta. Mtandao ulikuwa unakamata dirishani mwa chumba cha wazazi tu, upande unaotazama mjini, hivyo rauta niliiegesha pale juu ya kimeza cha mama, palipokuwa pakikaa Biblia yake na miwani. Plagi niliichomeka sebuleni. Ikawa inapepesa kijitaa cha bluu na kukataa. Nikafungua programu yake kwenye simu, nikafuata maelekezo, ikakataa. Nikaichomoa, nikaibonyeza mpaka kidole kikauma, ikapepesa tena, ikakataa tena. Niliitukana kwa Kiswahili, nikaitukana kwa Kichagga, nikagundua mwishowe kwamba rauta ilikuwa inarusha mawimbi ya aina mbili na plagi inaelewa aina moja tu. Nilipoizima ile nyingine, kijitaa kikatulia. Simu ikaniuliza chumba hiki kiitweje, nikaandika Sebule.

Juu ya plagi nilichomeka waya wa ekstensheni, na kwenye ekstensheni nikaweka taa ya mezani pamoja na redio ya baba, ile ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha, ambayo umeme ukirudi nayo inaendelea ilipoishia. Nikatoka uwanjani, nikasimama chini ya mparachichi, nikabonyeza simu. Dirisha likawaka. Sauti ya mwanamume ikaanza kusoma matangazo ya vifo. Nilicheka peke yangu pale uwanjani. Ilikuwa kana kwamba baba yumo ndani amevua viatu.

Ile programu ilikuwa na mpangilio maalumu wa watu walio safarini. Ukiuchagua, plagi inawasha na kuzima yenyewe jioni, leo mapema kidogo, kesho kuchelewa kidogo, siku nyingine haiwashi kabisa, ili mwizi asishtukie mchezo. Niliupenda sana mpangilio huo. Nikajiambia pia kwamba siri hii nisimwambie mtu yeyote pale kijijini, kwa sababu jirani akijua atamwambia shemeji yake, na shemeji atasema kilabuni kwenye mbege, na wezi nao wanakunywa mbege. Mama mkubwa nikamweka kwenye kundi hilohilo la watu wasiotakiwa kujua. Mke wangu aliniuliza jioni ileile kama nimemwambia. Nikamjibu nitamwambia.

Ninachokionea haya zaidi si ile taa, ni raha niliyoipata. Kabla ya plagi, kila Jumamosi roho ilikuwa inanisuta. Nikiwa nakunywa chai mjini nakumbuka nyumba imefungwa, makaburi yameota majani, na mama mkubwa yuko peke yake, na chai inakosa ladha. Baada ya plagi nilikuwa nafungua simu, naona alama ya kijani mbele ya neno Sebule, na moyo unatulia kabisa. Nilihisi nimekwenda. Ofisini niliwaonyesha wenzangu, nabonyeza huku nasema, mmeona, nimewasha taa kihambani. Wakanisifu. Kwa hiyo nikaacha kupanda. Masika yakaisha, baridi ya Julai ikapita, kahawa ikaiva na kuchumwa, mimi niko mjini naangalia alama ya kijani.

Jioni moja mama mkubwa alinipigia. Nilikuwa hotelini nawaeleza wageni habari za nguo za baridi na viatu. Nikaona jina lake kwenye kioo, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Nilidhamiria kumpigia kesho yake. Kesho ilikuja na mambo yake.

Halafu plagi ikanyamaza. Alama ya kijani ikageuka ya kijivu, nikabonyeza wee, wapi. Nikahisi bando la rauta limekwisha au radi imepiga. Siku chache hazikupita nikawa nimetafuta nafasi, nikaahirisha wageni, nikapanda. Barabara ilikuwa mbaya kuliko ile iliyowahi kunizuia huko nyuma, lakini sikurudi. Naliandika hili waziwazi ili nisije nikajipamba baadaye. Nilipanda kwa ajili ya plagi. Ndani ya gari nilikuwa na plagi nyingine ya akiba, na mkate sikuwa nao.

Nilipita geti la mama mkubwa bila kusimama, nikaegesha kwetu. Kwenye nondo za mlango kulikuwa na jani la isale, bichi, limekunjwa na kufungwa fundo katikati. Chini, kwenye saruji, kulikuwa na mengine yaliyokauka na kujikunja, yote yana fundo. Nilisimama nikiyatazama. Kwetu mtu hafungi isale kwa mchezo. Ukimkosea mtu kosa zito, ukaona maneno hayatoshi, unachuma isale, unaifunga fundo, unampelekea. Naye akishapelekewa hana ujanja, lazima asamehe. Koo zilizouliana watu zimepatanishwa kwa jani hilo. Nilichojua tangu utotoni ni kwamba mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu amekosea nyumba.

Mke wa jirani alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, yale yanayoletwa na pikapu kutoka Kahe. Nikamsalimu. Akanijibu bila kupunguza mwendo, kisha akasimama, akageuka mzima mzima pamoja na mzigo wake.

"Leo umeamua kuonekana mchana," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia, kwa adabu iliyokuwa kali kuliko matusi, kwamba wao si wakwe zangu wala si ndugu zangu, mimi kutowasalimu hakuwapunguzii kitu. Ila yule mama ni mtu mzima, na amekuja mlangoni hapa na isale zaidi ya mara moja, na kijiji kizima kimemwona. Chochote alichonikosea, akasema, nimfungulie basi. Akaenda zake. Uso ulinishuka pale barazani peke yangu, bila mtu wa kunitazama.

Nilichomoa lile jani bichi, nikavuka mfereji. Mama mkubwa alikuwa jikoni anamenya ndizi. Aliponiona akaweka kisu chini na kusimama. Aliyesimama ni yeye, mkubwa, mbele yangu mdogo. Kabla sijamaliza shikamoo yangu alikuwa ameona jani mkononi mwangu, na machozi yakamlengalenga, akasema aika, asante, umeipokea. Akanivutia kigoda. Akaanza kujieleza kabla sijakaa, kwa Kichagga, haraka haraka, akitaka amalize kabla sijabadili mawazo.

Alisema alijua kosa lake. Nyumba ilikuwa mikononi mwake ikaibiwa, na nilipobadilisha kitasa na kutompa ufunguo alielewa. Alisema hata yeye angekuwa mimi angeshuku. Taa ilipoanza kuwaka alifurahi kwamba nimerudi, akasubiri nivuke. Sikuvuka. Jioni moja akapika mtori, akautia kwenye hotipoti, akaja mpaka barazani akapiga hodi. Akasikia redio inaongea ndani. Akapiga tena, akataja jina langu. Redio ikaendelea kusoma habari. Akajua namsikia na sitaki kumfungulia, akarudi na hotipoti yake, na ule mtori hakuweza kuula, akawapa mbwa.

Alisema siku nyingine alisimama uwanjani kwake, taa inawaka kwetu, akanipigia simu. Ikaita, ikaita. Akiwa bado ameiweka sikioni, dirisha langu likazimika.

"Nikasema, haya, amezima ili nione," akaniambia. "Nikasema kosa langu ni kubwa kuliko nilivyodhani."

Kidesturi, akasema, angemtuma mzee wa ukoo aje na isale kwa niaba yake. Lakini mzee wa kutumwa hayupo tena. Kwa hiyo alichuma ile iliyoota kwenye kaburi la mama yangu, akaja nayo mwenyewe. Alifikiri kwamba kama simsikilizi yeye, huenda nikamsikiliza mama. Aliyasema haya akiwa anatazama ndizi zake kwenye beseni, si mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kile cha utotoni, magoti yamenifika kidevuni, na nilitamani anipige.

Nikamwambia sikuwa nimekasirika. Hakunielewa. Nikamwambia hakunikosea lolote, wala sikuwa ndani siku ile ya mtori, wala siku ya simu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake anadanganya kwa nia njema. Nikaanza kumweleza habari ya plagi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mwishowe nikamshika mkono tukavuka mfereji pamoja.

Nilifungua mlango. Hewa iliyotoka mle ndani ilikuwa imelala muda mrefu. Nikamwonyesha kile kidude ukutani, ekstensheni, taa, redio ya baba. Kumbe kilichokuwa kimekwisha ni bando tu. Nikaweka jipya kwa simu, kijitaa kikapepesa kikatulia, nikabonyeza, taa ikawaka na redio ikaanza kuimba kwaya. Hakushtuka. Alikitazama kidude kidogo tu, halafu akaniacha nimesimama pale, akaanza kuzunguka nyumba. Alikwenda jikoni, akapitisha kidole juu ya jiko. Akafungua chumba cha wazazi, akaona kitanda hakina shuka, akaona rauta mahali pa Biblia. Alikagua chumba kwa chumba, na nilikuwa nasikia kandambili zake zinaburuta kwenye vumbi. Aliporudi sebuleni alikuwa amebadilika.

"Kwa hiyo hakukuwa na mtu," akasema.

"Hakukuwa na mtu, mama mkubwa."

"Siku zote zile."

"Siku zote."

Alikaa kwenye kiti cha baba. Nilizima redio. Nilitegemea, na naomba nieleweke jinsi nilivyo mjinga, nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimemletea habari njema, kwamba hana kosa, kwamba hakuna ugomvi, kwamba ni mashine tu ilitupotosha. Nikawa nasubiri acheke.

"Afadhali ungekuwa umenikasirikia," akasema. "Mtu aliyekasirika siku moja atachoka. Mimi nilikuwa nasubiri uchoke."

Baada ya hapo alizungumza polepole. Alisema katika miezi yote ile, pamoja na uchungu wake, alikuwa analala vizuri. Akiona taa alikuwa anasema, amenuna lakini yupo, nikipatwa na jambo nikipiga kelele atasikia. Jioni ambazo taa haikuwaka alikuwa anapata wasiwasi kwamba naumwa mjini. Kuna siku aliteleza mferejini akaumia mguu, akajivuta mpaka ndani bila kumwita jirani, kwa sababu aliona dirisha langu lina mwanga akasema, ikizidi nitamwita mwanangu. Haikuzidi. Alininyooshea mguu nikaona kovu. Nilijaribu kuhesabu moyoni ni jioni ipi hiyo, na mimi nilikuwa wapi, nikaacha.

Nikachukua lile jani lake, nikalishika kwa mikono miwili, nikampa yeye. Sikuwa na maneno mengine. Alilipokea, kama inavyotakiwa, akalichomeka kwenye mkanda wa kanga, akasema yamekwisha. Aliyasema haraka na kwa upole. Lakini nilimpa kitu ambacho desturi haimruhusu kukikataa, na nilijua hivyo nilipokuwa nampa. Mpaka leo sijui kama angenisamehe iwapo angekuwa na hiari.

Nikampa ufunguo. Nikamwambia kwamba kuanzia sasa kila Jumamosi nitapanda, na kidude hiki nakitoa leo hii, hakitaonekana tena mle ndani. Nilikuwa nimekwisha kuinama kukichomoa aliponishika bega.

"Usiitoe," akasema.

Nikamuuliza ya nini sasa, na amekwisha kujua kwamba ndani hakuna mtu. Akanionyesha dirishani, upande wa chini na upande wa juu, nyumba za wenzangu zilizofungwa, akazitaja kwa majina ya baba zao. Akasema jioni akitoka jikoni kwake pande zote hizo ni giza, na macho yake yamekwisha kuizoea hii moja. Nikarudia habari ya Jumamosi, nikaitilia na mkazo, nikataja na watoto kwamba nitakuja nao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Usiniahidi kitu, baba," akasema. "Wewe washa tu."

Hakusema kwa kinyongo. Alikuwa anaomba kile alichopima na kuona nakiweza. Alirudi kwake kumalizia ndizi zake, nami nikafagia makaburi mpaka jasho likanilowesha, kama vile kuna mtu alikuwa anasimamia.

Jumamosi iliyofuata nilipanda, na watoto, na mkate, na sukari. Iliyofuata pia nilipanda. Mpangilio ule wa kubahatisha niliufuta. Sasa taa naiwasha mwenyewe kila jioni, kwa mkono wangu, nikikumbuka yule anayeitazama. Niliona nimejirekebisha. Kisha msimu wa wageni ukafunguka, na Jumamosi moja nikajikuta uwanja wa ndege nasubiri kundi lililochelewa, nimeshika kibao chenye jina la kampuni. Nilikuwa nimeapa kwenda. Jua lilipozama nikatoa simu, nikabonyeza Sebule, ikawa kijani, nikairudisha mfukoni. Haikukaa ikaita. Alikuwa mama mkubwa, na nilipokea nikiwa tayari na maelezo yangu, ndege imechelewa, bosi amesafiri, wiki ijayo bila kukosa.

Hakuniuliza lolote kati ya hayo. Alisema alikuwa amekaa uwanjani kwake anaisubiri taa, na sasa ameiona. Akanishukuru, akanitakia kazi njema, akakata simu.